Karatasi Iliyo Mbele Yetu Sote

Katikati ya sura ya saba ya riwaya ya upelelezi ya vijana, masimulizi yanakatika. Msichana wa miaka 16 ameshusha fremu ya picha ukutani na kukuta karatasi iliyokunjwa nyuma yake. Mwandishi angeweza kutuambia kilichoandikwa humo. Hakutuambia. Ameichapa karatasi yenyewe katikati ya ukurasa:

VDQGXNX OLNR FKLQL BD QJDCL

Chini yake kuna nafasi tupu, kisha hadithi inaendelea na ugomvi wa msichana na kaka yake.

Hapo msomaji yuko njia panda. Anaweza kufunua ukurasa, maana anajua fika kwamba sura haitakwisha kabla msichana hajalifumbua fumbo. Au anaweza kuweka kidole palepale, akainuka kutafuta penseli.

Kwa wiki kadhaa sasa kuna jambo limenikaa kichwani kuhusu riwaya hizi za vijana, za upelelezi, zilizojaa mafumbo. Wanaotafuta penseli, mapenzi yao yanaeleweka. Lakini wanaofunua, ambao nadhani ndio wengi, nao wanazipenda vilevile. Wanakesha nazo, wanaazimana, wanagombania sehemu ya pili. Wanapenda nini hasa katika fumbo ambalo hawakulifumbua?

Jibu la haraka ni kwamba vijana hupenda changamoto. Siliamini. Milinganyo ya hesabu nayo ni changamoto, na sijasikia kijana aliyekesha nayo kwa raha zake. Ugumu peke yake haumvuti mtu.

## Tulifumbue kwanza

Karatasi ile ina herufi 23 katika maneno matano. Usianze kwa kutafuta herufi iliyojirudia zaidi, kwa sababu huo ndio mtego wa kwanza. Kuhesabu marudio ni mbinu ya kale sana. Mwanazuoni Al-Kindi aliieleza kwa maandishi huko Baghdad katika karne ya 9, na kwa matini ndefu inafanya kazi hadi leo. Katika Kiswahili herufi inayoongoza kwa mbali ni a. Lakini matini yetu ni fupi, na humu L imetokea mara nne, huku D na Q zikitokea mara tatu tatu. Mwenye haraka atasema L ni a.

Haya, ajaribu. Kama kila herufi imesogezwa hatua zilezile katika alfabeti na L ni a, basi X inakuwa m na R inakuwa g. Neno la kwanza linaishia m, la pili linaishia g. Hakuna Kiswahili cha namna hiyo.

Kosa hilo lenyewe linatuonyesha pa kuingilia. Maneno yetu, ukiacha majina na mikopo michache, huishia irabu. Tazama basi miisho ya maneno yote matano: X, R, L, D, L. Alama nne tofauti, maana yake tumeshazikamata irabu nne kati ya tano kabla ya kujua hata neno moja. Neno BD lina herufi mbili tu, na maneno ya herufi mbili yanayotumika kila mara ni yaleyale: na, ya, wa, la, za, na machache yanayoishia i kama ni na si, au u kama tu. Kwa hiyo D ni a, i au u. Ikiwa i, X inageuka c na neno la kwanza linaishia c. Ikiwa u, L inageuka c na neno la tatu linaishia c. Tupa. Ikiwa a, herufi zote zilisogezwa tatu mbele: X inarudi kuwa u, R inarudi kuwa o, L inarudi kuwa i.

Irabu nne kwa mpigo.

Sanduku liko chini ya ngazi.

Hatua tatu ndizo zilezile ambazo Suetonius, mwandishi wa Roma ya kale, anasema Julius Caesar alizitumia katika barua zake. Kwa hiyo fumbo letu halina jipya, na halihitaji kuwa nalo. Mwandishi anayeanza hudhani thamani ya fumbo ni ugeni wake, akaenda kuchimba mifumo ambayo hata yeye haielewi vizuri. Matokeo yake anakosea herufi mbili wakati wa kuandika, na msomaji makini anakesha bure.

Kuna kosa jingine la kimyakimya hapa: alfabeti ipi? Kiswahili sanifu hakina q wala x, na c haisimami bila h. Mwandishi akisogeza herufi kwenye alfabeti ya herufi 24, n inakuwa r. Akitumia ya herufi 26, inakuwa q. Karatasi yetu ina Q na X, kwa hiyo msomaji anaweza kukata shauri mwenyewe kwamba ni 26. Lakini katika ujumbe ambao herufi hizo hazikutokea, hana namna ya kujua, na mwandishi anawajibika kumwonyesha mahali fulani, labda kwenye ukingo wa daftari la mhusika ambako alfabeti nzima imeandikwa.

Na ukitaka kumwongezea kazi, ondoa nafasi kati ya maneno na upange herufi tano tano: VDQGX NXOLN RFKLQ LBDQJ DCL. Miisho ya maneno imetoweka, na ujanja wetu wa irabu umekwenda nayo. Sasa msomaji atalazimika kutegemea kwamba konsonanti zetu huandamana na irabu karibu kila hatua, kwamba konsonanti mbili zinazofanana hazikai pamoja isipokuwa katika maneno kama mmoja, mmea na nne, na kwamba alama inayofuatwa na alama ileile moja kila mara huenda ni c na h yake. Kutoka dakika kumi za kazi unampeleka kwenye jioni nzima. Mimi nisingefanya hivyo katika fumbo la kwanza la kitabu.

## Ushahidi usiongoja ruhusa

Sasa angalia kilichotokea tulipofika kwenye lile neno sanduku. Hakuna aliyetuambia tumepata. Hatukungoja mwalimu apige alama ya vema, wala hatukufunua nyuma ya kitabu. Tulijua. Jibu lisilo sahihi lilitoa takataka, jibu sahihi likatoa sentensi, na katikati yake hamna jibu la karibukaribu.

Nadhani siri ya riwaya hizi iko hapo.

Mpelelezi mtu mzima ana maabara, ana hati ya upekuzi, ana haki ya kumketisha mtu na kumhoji. Mhusika wa miaka 16 hana hata kimoja. Akisema amemwona mjomba akitoka chumbani usiku, ataambiwa alikuwa anaota. Akisema sahihi kwenye wasia ni ya kughushi, ataulizwa yeye ni nani wa kujua sahihi. Kila aina ya ushahidi katika hadithi lazima ipitie kwa mkubwa ili ihesabike kuwa kweli, na wakubwa katika riwaya za vijana aidha wana shughuli, aidha wana hofu, aidha ndio wenye hatia.

Fumbo halipitii kwa mtu. Likifunguka limefunguka, na anayebisha anaweza kupewa penseli.

Ndiyo maana mafumbo yanakaa vizuri katika hadithi za vijana kuliko katika za watu wazima, ambako mara nyingi huonekana kama pambo. Kijana anaishi miaka mingi ambayo karibu kila alijualo lazima lithibitishwe na aliyemzidi umri. Hapa amepewa kitu ambacho umri wake haukiongezei wala kukipunguzia uzito.

Na msomaji naye yuko sawa na mhusika. Daktari wa kwenye hadithi akisema marehemu alilishwa sumu, hatuna la kufanya ila kumwamini. Karatasi ya nyuma ya fremu ni tofauti, kwa sababu tunayo. Msichana hana herufi hata moja tusiyokuwa nayo sisi. Ronald Knox, padri na mwandishi wa riwaya za upelelezi, alipoandika amri zake kumi mwaka 1929 aliweka mojawapo hivi, kwa maneno yangu: mpelelezi asigundue dalili yoyote ambayo msomaji haonyeshwi papo hapo. Waandishi wengi wa upelelezi huitimiza amri hiyo kwa shingo upande, wakitaja dalili katikati ya sentensi ndefu kuhusu mapazia. Fumbo lililochapwa ukurasani haliwezi kuivunja hata likitaka.

Hapo nikaanza kuwaelewa wanaofunua ukurasa.

Wao hawakuifanya kazi, lakini wameiona karatasi. Wanajua kwamba msichana atakaposema "chini ya ngazi," wanaweza kurudi nyuma kurasa tatu na kumkagua herufi kwa herufi. Wengine hufanya hivyo hasa, kwa neno moja au mawili, kisha wanaendelea. Kinachowaridhisha ni kujua kwamba wanaweza kukagua. Mwandishi amewafungulia vitabu vyake vya hesabu, na wengi wakifunguliwa hawakagui.

Lakini wakigundua siku moja kwamba hesabu hazilingani, basi.

## Fumbo lenye majibu mawili

Maandishi ya siri yana bahati ya kujithibitisha yenyewe. Mafumbo ya mantiki hayana bahati hiyo, na ndiko waandishi wengi wanakoangukia. Chukua mfano huu. Watu wanne walikaa kwenye viti vinne vilivyopangwa mstari, kuanzia kiti cha 1 kushoto hadi cha 4 kulia. Mmoja wao alikuwa karibu na mlango wa kulia na ndiye aliyetoka taa zilipozimika. Vidokezo:

Neema hakukaa pembeni.
Idi alikaa kushoto kwa Zuhura, wakiwa wamepakana.
Baraka hakupakana na Zuhura.

Mwandishi ana mpangilio wake kichwani: Idi, Zuhura, Neema, Baraka. Anakagua vidokezo vitatu, vyote vinakubali, anaendelea na sura. Aliyetoka ni Baraka.

Tukague sisi. Watu wanne kwenye viti vinne wanaweza kukaa kwa namna 24. Kidokezo cha pili kinawafunga Idi na Zuhura pamoja, zinabaki 6. Cha kwanza kinamtoa Neema pembeni, zinabaki 2: Idi, Zuhura, Neema, Baraka, na ile nyingine, Baraka, Neema, Idi, Zuhura. Cha tatu sasa. Katika mpangilio wa kwanza Baraka hajapakana na Zuhura. Katika wa pili pia hajapakana. Kidokezo cha tatu hakijaondoa kitu. Kimekaa pale kama mgeni aliyekuja harusini bila kujua bwana harusi ni nani.

Kwa hiyo aliyetoka gizani anaweza kuwa Baraka, na anaweza vilevile kuwa Zuhura.

Chanzo cha kosa hili ni mwelekeo wa kukagua. Mwandishi huanza na jibu na kuuliza kama vidokezo vinakubaliana nalo. Msomaji huanza na vidokezo na kuuliza ni majibu mangapi yanayobaki. Dawa ni kuandika namna zote 24 kwenye karatasi na kufuta moja moja, huku ukiandika pembeni kila kidokezo kimefuta ngapi. Kidokezo kilichofuta sifuri kinaondoka au kinabadilishwa. Katika mfano wetu, badala ya kile cha tatu inatosha shahidi aseme kwamba mkono wake ulifika kwenye kiti cha Idi kwa kuwa yeye alisimama kwenye ukuta wa kushoto. Namna inabaki moja, na kidokezo kimekuwa sehemu ya tukio.

Watu watano wana namna 120, na hizo bado mtu anaweza kuzifuta kwa mkono akiwa na subira. Sita wana 720. Kuanzia hapo tumia programu ya majedwali, au punguza wahusika. Mara nyingi kupunguza wahusika huinufaisha na hadithi.

## Sungura aliyefukiwa

Shaka yangu kubwa ilikuwa hii: je, fumbo likiwa gumu sana, halina heshima zaidi? Mfano ninaourudia ni kitabu cha picha cha Kit Williams, Masquerade, kilichotoka Uingereza mwaka 1979. Williams alifukia ardhini sungura wa dhahabu, na mahali alipo pakafichwa ndani ya michoro 15. Ufunguo ulikuwa kupiga mistari kutoka kwenye macho ya viumbe waliochorwa kupitia vidole vyao virefu hadi kwenye herufi zilizozunguka picha.

Watu walichimba sehemu nyingi mno nchini humo. Sungura alipatikana mwaka 1982, na baadaye ikabainika kwamba aliyempata hakufika pale kwa kulifumbua fumbo. Walimu wawili wa fizikia walilifumbua kweli, wakapitwa kidogo tu.

Fumbo lenyewe lilikuwa la haki. Jibu lake lilisomeka vizuri kwa aliyelipata. Tatizo lilikuwa njiani: michoro iliyojaa vitu vingi hivyo humkubalia kila mtu nadharia yake. Ukihesabu majani, utapata namba. Ukipima pembe, utapata mwelekeo. Hakuna hatua ya kati iliyokuambia kwamba umepotea, na mpaka uchimbe hukuwa na hakika.

Kwa riwaya ya kijana mimi nachukua funzo la ufundi: fumbo refu likatwe vipande, na kila kipande kijithibitishe. Kama sanduku la chini ya ngazi litafunguliwa kwa hatua tano, msomaji aliyekosea hatua ya pili asigundue kwenye ya tano. Agundue palepale. Hatua ya pili itoe neno linalosomeka, au jina la mtu tunayemjua, au namba ambayo tumeshaiona kwenye sura ya tatu. Ugumu unaweza kubaki uleule. Kinachoondoka ni mashaka.

## Kwa nini asiandike barua tu?

Swali hili likikosa jibu, hakuna ufundi utakaokuokoa. Babu amefariki, ameacha siri, na badala ya kumwandikia mjukuu barua ya kurasa mbili, ameacha maandishi ya siri nyuma ya fremu, kufuli la namba, na shairi lenye maana mbili. Msomaji wa miaka 14 ataliuliza swali hili kabla ya mhariri.

Sababu zinazosimama ni chache. Ujumbe lazima upite mbele ya macho ya adui. Au ujumbe lazima umtambue mpokeaji, ufunguke kwa mmoja na kuwafungia wengine. Au mwenye siri anataka ichelewe, isijulikane kabla ya jambo fulani kutokea. Kwamba babu alipenda mafumbo ni kweli ya ziada. Ikiwa peke yake, haitoshi.

Sababu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi kwa hadithi za vijana, na ina mbinu yake iliyo tayari. Mwaka 1553 Giovan Battista Bellaso alichapisha mfumo wa siri unaotumia neno la ufunguo, mfumo ambao baadaye ulibandikwa jina la Blaise de Vigenère, na Bellaso akasahaulika. Unaandika ufunguo juu ya ujumbe, ukiurudia mpaka mwisho, na kila herufi ya ufunguo inasema ile ya chini yake isogezwe hatua ngapi: a hatua sifuri, b moja, c mbili, hadi z hatua 25. Ufunguo anaujua babu na mjukuu peke yao. Mjomba anaweza kuikodolea macho karatasi mwezi mzima.

Tuseme babu na mjukuu walikuwa na paka waliyempenda, na ufunguo ni PAKA. Neno ngazi linakuwa hivi: n na P inatoa C, g na A inatoa G, a na K inatoa K, z na A inatoa Z, i na P inatoa X. Yaani CGKZX.

Umeona? G imebaki g, na Z imebaki z.

Hili ni tatizo la Kiswahili hasa, na mwongozo ulioandikwa kwa lugha nyingine hautakuonya kwa uzito unaostahili. Maneno yetu yamejaa a, na a kwenye ufunguo haisogezi kitu. Ufunguo PAKA unaacha nusu ya ujumbe uchi. MAMA vivyo hivyo. BABA mbaya zaidi, kwani b nayo inasogeza hatua moja tu. Chagua ufunguo usio na a: SIMU, kwa mfano, unaigeuza ngazi kuwa FOMTA. Halafu uipe simu hiyo nafasi katika hadithi, iwe simu ya mezani iliyokatwa waya ambayo babu alikataa kuitupa, itajwe mara tatu kabla haijahitajika, na isitajwe hata mara moja kwa namna ya kukonyeza jicho.

Hapo fumbo na uhusiano wa wahusika vimekuwa kitu kimoja. Msomaji anayekumbuka simu ni yule aliyekuwa akimsikiliza babu. Mwaka 1863 Friedrich Kasiski alichapisha njia ya kuvunja mfumo huu bila kuujua ufunguo, kwa kupima umbali kati ya vipande vinavyojirudia, lakini njia hiyo inahitaji matini ndefu. Ujumbe wa herufi 23 mara nyingi hauna hata kipande kimoja kilichojirudia. Mjomba mwenye akili hatausoma. Mjukuu mwenye kumbukumbu atausoma.

## Kufuli na dakika mbili

Nisilipite kufuli la namba nne, kwa kuwa limo karibu katika kila kitabu cha aina hii na karibu kila mara limekosewa. Namba zote ni 10,000. Ukijaribu moja kila sekunde tatu utazimaliza kwa saa nane na dakika 20. Usiku mmoja, basi. Kufuli la aina hiyo halimzuii kijana mwenye sababu.

Waandishi hupenda kuongeza vitufe vilivyochakaa. Vitufe vinne vikiwa vimechakaa, mipangilio ni 24, dakika moja na sekunde kidogo. Vikiwa vitatu, wengi hudhani kazi imepungua. Imeongezeka. Kimoja kinajirudia, hatujui kipi wala wapi, na mipangilio inakuwa 36. Vikiwa viwili tu ndipo inashuka hadi 14. Kwa vyovyote vile mhusika anayekaa kurasa nne akiumiza kichwa mbele ya kufuli lenye mipangilio 24 anamfanya msomaji amkasirikie, na msomaji ana haki. Kama unataka kurasa nne, weka kufuli linalojifunga baada ya majaribio matatu.

## Yanayoharibikia kwa wapangaji wa kurasa

Fumbo linaweza kutoka mikononi mwa mwandishi likiwa zima na kumfikia msomaji likiwa limekufa.

Mdhamini mkuu wa vifo hivi ni programu inayosahihisha tahajia. Inaiona OLNR, inadhani umekosea, inakusaidia. Izime kabla ya kuandika herufi ya kwanza. Programu ya kupanga kurasa nayo hukata neno refu mwishoni mwa mstari na kuweka kistari, na msomaji anakihesabu kistari kama sehemu ya siri. Maandishi ya siri yawekwe yasikatike, kwa chapa ambayo kila herufi ina upana sawa, na isiyochanganya O na sifuri wala l ndogo na 1. Ukipokea kurasa za kusahihisha, usilisome fumbo. Lifumbue upya kutoka mwanzo, kwa penseli, kutoka kwenye kurasa hizo na si kutoka kwenye daftari lako.

Fumbo la ukurasa, mstari na neno, kwa mfano 112-9-4, lina uhai wa toleo moja. Katika kitabu cha kielektroniki msomaji akikuza maandishi, ukurasa wa 112 unakwenda kwingine. Tumia sura, aya na neno, kisha mwambie mhariri kwa maandishi kwamba aya hizo haziguswi. Herufi za mwanzo za sura zinazounda jina la mwuaji nazo ni dhaifu: inatosha mhariri aunganishe sura mbili, na mwuaji akakosa herufi.

Wapo wasomaji wanaosikiliza vitabu kupitia programu inayosoma skrini kwa sauti. Ukiweka fumbo kama picha, watasikia kimya, au wakisomewa maelezo yaliyowekwa kizembe watasikia jibu. Weka herufi halisi, zitenganishwe ili zisomwe moja moja, na michoro ielezwe kwa kinachoonekana bila kutaja maana yake. Kitabu cha sauti kina shida ya ziada: msomaji wa studio atazitamka zile herufi 23 na msikilizaji hatakuwa na kalamu. Zitamkwe polepole, na karatasi ile iwekwe pia kwenye faili linaloambatana na rekodi.

Mfasiri naye apewe orodha ya mafumbo yote pamoja na kazi ya kila moja katika msuko, kabla hajaanza sura ya kwanza. Irabu za miisho, c na h yake, ufunguo usio na a, hakuna hata kimoja kinachovuka kwenda lugha nyingine. Atalazimika kutega upya, na ruhusa ya kubadilisha ngazi iwe darini, au simu iwe saa ya ukutani, aipate kwa mwandishi mapema, wakati sura za nyuma bado zinaweza kurekebishwa.